Darasa la Walio Kazini: Safari ya Elimu ya Ubora kutoka Chicago hadi Mbeya

Katika miaka ya 1930, ofisi za serikali jijini Washington zilipofungwa jioni, si watumishi wote walioshika njia ya nyumbani. Wapo walioingia darasani. Shule yao iliitwa Shule ya Uzamili ya Wizara ya Kilimo ya Marekani. Ilianzishwa mwaka 1921, Henry C. Wallace akiwa waziri, kwa ajili ya watumishi wa serikali waliotaka kujiendeleza bila kuacha kazi. Bunge halikuitengea fedha; ilijiendesha kwa ada za wanafunzi. Haikutoa shahada. Walimu wake wengi walikuwa watumishi wenzao, watu waliofanya kazi zao mchana na kushika chaki jioni.

Kuanzia 1933, masomo ya hesabu na takwimu katika shule hiyo yalisimamiwa na mwanafizikia aitwaye W. Edwards Deming. Mchana alikuwa mtafiti katika maabara ya wizara iliyochunguza naitrojeni. Jioni alitafuta walimu bora kuliko wote aliowajua, akawaleta mbele ya watumishi wenzake. Mwaka 1936 alimleta Ronald Fisher kutoka Uingereza, na 1937 akamleta Jerzy Neyman, mabingwa wawili wa takwimu wa zama zile. Mwezi Machi 1938 akamwalika mtu asiyejulikana sana nje ya kampuni za simu: Walter Shewhart.

Shewhart alitoa mihadhara minne. Deming alichukua karibu mwaka mzima kuihariri, na mwaka 1939 ikatoka kitabu. Elimu ambayo leo inafundishwa katika vyuo vikuu vya dunia nzima kwa jina la usimamizi wa ubora imepita katika mlango ule: darasa la jioni la watu waliokuwa kazini. Na kila ilipostawi baada ya hapo, ilistawi kwa namna hiyohiyo.

Ukurasa mmoja wa 1924

Ili tuelewe Shewhart alikuja na nini Washington, turudi nyuma miaka 14, hadi kiwanda cha Hawthorne kilichokuwa Cicero, pembezoni mwa Chicago. Hawthorne kilikuwa mali ya Western Electric, kampuni iliyotengeneza simu na mitambo yake kwa mtandao wa Bell. Makumi ya maelfu ya watu walifanya kazi pale. Ubora ulilindwa kwa ukaguzi: kifaa kinatengenezwa, kinafika mwisho wa mstari, mkaguzi anakipima, kizima kinapita, kibovu kinatupwa au kinarudishwa kwa fundi. Kiwanda kilihitaji jeshi la wakaguzi, na bado vifaa vibovu vilipenya. Wakati huohuo mitambo mingi ya simu ilikuwa ikifukiwa ardhini, na kifaa kikishafukiwa, kukichimbua kwa sababu ya kasoro ni gharama kubwa.

Shewhart alikuwa mwanafizikia katika upande wa uhandisi wa kampuni hiyo. Tarehe 16 Mei 1924 aliwapelekea wakubwa wake waraka wa ukurasa mmoja. Karibu theluthi ya ukurasa ilichukuliwa na mchoro mdogo. Mkuu wake, George D. Edwards, alisimulia baadaye kwamba ndani ya ukurasa ule mlikuwa tayari na misingi yote ya kile tunachokiita udhibiti wa ubora.

Tuutazame mchoro huo kwa karibu, maana ndio uliofanya yote yaliyofuata yafundishike. Tuseme fundi anakata misumari ya skrubu. Kila saa anachukua mitano, anapima unene wake, anatafuta wastani, kisha anaweka nukta moja kwenye karatasi. Katikati ya karatasi pana mstari wa wastani wa siku nyingi. Juu na chini yake pana mistari miwili ya mipaka, iliyokokotolewa kutokana na vipimo vya mashine yenyewe. Nukta zitapanda na kushuka, kwa kuwa hakuna mashine inayotoa vitu viwili vilivyo sawa kabisa. Maadamu nukta zinacheza ndani ya mipaka bila mpangilio wowote, tofauti hiyo ni ya mfumo mzima: mashine ile, chuma kile, utaratibu ule. Ukimfokea fundi kwa sababu nukta ya saa nne iko chini kuliko ya saa tatu, unamwonea. Ukikimbilia kurekebisha mashine kila nukta inapoyumba, utazidisha yumbo lenyewe.

Lakini nukta ikiruka nje ya mipaka, kuna jambo mahsusi limetokea. Pengine meno ya kukatia yameisha makali, chuma kimetoka katika shehena nyingine, au zamu imeshikwa na mtu ambaye hakufundishwa. Hapo ndipo pa kusimamisha mashine na kutafuta chanzo. Kwa hiyo karatasi ile moja iligawa makosa mafungu mawili: yale ambayo fundi aliye pale anaweza kuyatafuta na kuyaondoa, na yale ambayo hayaondoki mpaka mwenye mamlaka abadilishe mfumo. Mgawanyo huo ulikuwa wa kitakwimu, lakini ndani yake mlikuwa na swali zito la haki kazini: nani alaumiwe, na nani awajibike?

Elimu ya namna hii haiingii vizuri kwa mtu asiye na kazi mikononi. Mwanafunzi anayechora chati kwa tarakimu za kubuni hujifunza kuchora tu. Anayechora kwa tarakimu za mashine yake hujifunza jambo asilolijua kuhusu mahali alipofanya kazi miaka 10. Ndiyo sababu mwaka 1926 watu wa Bell Labs, maabara mpya ambayo Shewhart alikuwa amehamia, walikwenda Hawthorne wenyewe kuwafundisha vijana wa idara ya ukaguzi. Mmoja wa vijana hao alikuwa Joseph Juran, mzaliwa wa Romania aliyeletwa Marekani utotoni, aliyeajiriwa kiwandani hapo mwaka 1924. Juran aliendelea kusoma akiwa bado Western Electric, na katikati ya miaka ya 1930 alipata shahada ya sheria katika Chuo Kikuu cha Loyola, Chicago. Kusoma na kufanya kazi kwa pamoja ndiyo maisha aliyoyajua, na baadaye atakuwa mmoja wa walimu wakuu wa elimu hii.

Siku 10 za Julai

Marekani ilipoingia vitani mwishoni mwa 1941, viwanda vilitakiwa kutoa silaha, ndege na risasi kwa wingi ambao haujawahi kuonekana, na mafundi wazoefu walikuwa wakiondoka kwenda jeshini. Aprili 1942, mwanatakwimu W. Allen Wallis wa Chuo Kikuu cha Stanford, California, alimwandikia Deming akimwuliza idara yao ifanye nini kusaidia taifa. Deming alijibu kwa barua ya kurasa nne. Alipendekeza kozi fupi za mbinu za Shewhart, zifundishwe kwa wahandisi, wakaguzi na watu wengine wa viwandani, kwa lugha ya kazi na si kwa hesabu za juu.

Julai mwaka huohuo kozi ya kwanza ilifunguliwa Stanford. Ilichukua siku 10. Nyuma yake walikuwa Eugene Grant, profesa wa uhandisi, na Holbrook Working, mchumi na mwanatakwimu. Waligundua upesi kwamba siku 10 ni nyingi kwa kiwanda cha wakati wa vita, wakazipunguza hadi 8. Kisha serikali, kupitia ofisi ya utafiti ya Bodi ya Uzalishaji wa Vita, ikazisambaza kozi hizo nchi nzima. Kufikia mwisho wa vita, maelfu ya watu kutoka mamia ya viwanda walikuwa wamepitia madarasa hayo, mengi yakiendeshwa katika vyuo vikuu.

Walioandaa kozi walitambua kwamba mtu akirudi kiwandani peke yake, hamasa humwishia haraka. Waliwahimiza wanafunzi wakutane tena baadaye, kila mmoja na chati zake, aeleze alichojaribu na kilichomshinda. Mikutano hiyo ya mikoani ilizaa vyama, na vyama vikazaa chombo cha kitaifa: tarehe 16 Februari 1946 iliundwa Jumuiya ya Udhibiti wa Ubora ya Marekani. Rais wake wa kwanza alikuwa George Edwards, yuleyule mkuu wa Shewhart aliyesimulia habari za ukurasa wa 1924.

Kwa nje ilionekana elimu imeshinda. Lakini amani iliporudi, chati zilianza kuondolewa ukutani. Viwanda vya Ulaya na Japani vilikuwa vimevunjwa kwa mabomu, na kila kitu Marekani ilichotengeneza kilipata mnunuzi, kiwe kizuri au kibaya. Idara za ubora zikarudi kuwa idara za ukaguzi. Deming alilitafakari jambo hili kwa miaka mingi, na jibu lake lilikuwa moja: kozi za vita ziliwafundisha wahandisi na wakaguzi, lakini hazikuwafundisha wakubwa wao. Mhandisi alirudi na chati iliyoonyesha kwamba kasoro zinatokana na chuma kinachonunuliwa kwa bei rahisi. Aliyekuwa na mamlaka ya kubadilisha muuzaji hakujua kuisoma chati, wala hakuona sababu ya kujifunza.

Tokyo: wakubwa wanaketi darasani

Japani ya 1946 ilikuwa nchi iliyoshindwa, yenye njaa, na yenye sifa mbaya sokoni. Bidhaa zake zilijulikana kwa urahisi wa bei na wepesi wa kuharibika. Mwaka huo wahandisi na wanasayansi waliunda muungano wao, unaojulikana kwa kifupi cha JUSE, wakitafuta njia ya kuinua viwanda vilivyobaki.

Walimu wa kwanza walitoka katika jeshi lililoikalia nchi. Kitengo cha mawasiliano cha makao makuu ya Marekani kilihitaji redio ili kuwafikia wananchi, na redio zilizotengenezwa zilikuwa zikifa mapema. Mhandisi kijana, Homer Sarasohn, akapewa kazi ya kusimamisha upya tasnia hiyo. Yeye na mwenzake Charles Protzman waliona kwamba tatizo haliko kwenye benchi la fundi pekee. Wakaandaa semina ya uongozi wa viwanda, iliyoanza Tokyo mwaka 1949 na kurudiwa Osaka, na wakaamua kwamba wanaoketi darasani wawe mameneja wa juu wa kampuni za vifaa vya mawasiliano. Somo lilianza na swali la msingi: kampuni ipo kwa ajili gani?

Upande wa JUSE, kikundi cha watafiti wa udhibiti wa ubora kilianza kozi yake ya msingi mwaka huohuo wa 1949. Mpangilio wake unastahili kutazamwa kwa makini, kwa kuwa ni miongoni mwa ubunifu mkubwa wa elimu kwa watu walio kazini. Baada ya majaribio ya mwanzo, kozi ilikaa katika muundo wa miezi 6, siku 5 za darasa kila mwezi. Mwanafunzi alisoma siku 5, akarudi kiwandani wiki tatu na ushei. Huko alitakiwa kutumia alichosoma juu ya tatizo halisi la idara yake, kwa takwimu halisi. Mwezi uliofuata alirudi na matokeo, na mwalimu akayapitia pamoja naye. Zile wiki za kati hazikuwa mapumziko; zilikuwa nusu ya pili ya somo.

Walimu nao walisoma. Kaoru Ishikawa, mkemia wa Chuo Kikuu cha Tokyo aliyejiunga na kikundi hicho mwaka 1949, alikuwa na data za maabara zilizomsumbua, na ni shida hiyo iliyomsukuma kwenye takwimu. Yeye na wenzake walikwenda viwandani kuona wanafunzi wao wanakwama wapi, na kutokana na ziara hizo mtaala ukabadilika. Mchoro wake maarufu wa sababu na matokeo, unaofanana na mifupa ya samaki, ulikuwa njia ya kuwafanya watu wenye vyeo tofauti wakae meza moja, kila mmoja ataje sababu anayoiona, zote zipangwe mahali pamoja kabla hajalaumiwa mtu.

Kisha akaja Deming. Alikuwa amewahi kufika Japani mwaka 1947 kwa kazi ya sensa. JUSE ilimwalika mwaka 1950 afundishe. Kuanzia tarehe 10 Julai alifundisha kwa siku 8 jijini Tokyo, ukumbi ukiwa umejaa mamia ya wahandisi, joto la kiangazi likiwa kali. Lakini kumbukumbu ya Marekani ilimsumbua. Aliona wahandisi hawa nao watarudi viwandani na kukuta milango imefungwa. Akaomba akutanishwe na wakubwa wenyewe.

Aliyeweza kuwaita alikuwa Ichiro Ishikawa, babake Kaoru, rais wa JUSE na wakati huohuo kiongozi wa shirikisho la wenye viwanda nchini. Jioni ya tarehe 13 Julai 1950, wakuu 21 wa kampuni kubwa walikusanyika kwa chakula. Deming hakuwaeleza fomula. Aliwaeleza wajibu wao: mteja ndiye mwisho na mwanzo wa mstari wa uzalishaji, na mfumo ni mali ya uongozi, kwa hiyo kuurekebisha ni kazi ya uongozi. Mwezi uliofuata alifundisha tena kwa siku nzima viongozi wengine katika mji wa Hakone. Mihadhara yake ilichapwa na kuuzwa. Alikataa malipo yake ya uandishi, na JUSE ikayatumia kuanzisha tuzo iliyopewa jina lake mwaka 1951.

Mwaka 1954 walimleta Juran, ambaye kitabu chake kikubwa cha udhibiti wa ubora kilikuwa kimetoka mwaka 1951. Juran aliwafundisha viongozi wa juu na mameneja wa kati kwamba ubora hupangwa, hugharimiwa na husimamiwa kama fedha zinavyosimamiwa. Kwa hatua hiyo, ngazi ya wahandisi, ya mameneja na ya wakuu zote zilikuwa zimeshaketi darasani. Ilibaki ngazi moja: wasimamizi wa mafundi na mafundi wenyewe.

Hao walikuwa wengi mno kuweza kuitwa Tokyo. JUSE ikawafuata kwa redio. Mwaka 1956 masomo ya udhibiti wa ubora yalianza kurushwa kwa masafa mafupi, kwa wasimamizi wa karakana, na kitabu cha masomo kikauzwa kwa bei ya kununulika. Mwaka 1962 likaanzishwa jarida la watu wa karakana, na Ishikawa na wahariri wenzake wakawahimiza wasomaji wasilisome mmoja mmoja. Wakutane kwa vikundi, wasome pamoja, wajaribu pale walipo. Mwezi Mei mwaka huo kikundi cha kwanza kiliandikishwa, cha wafanyakazi wa shirika la simu na telegrafu huko Matsuyama. Vikundi hivyo, ambavyo ulimwengu ulikuja kuvitazama kama siri ya Japani, vilianza kama vikundi vya kusoma jarida.

Vyuo vikuu vinafungua milango ya jioni

Marekani kwenyewe moto haukuzimika kabisa. Mwaka 1946 Deming alianza kufundisha katika shule ya uzamili ya biashara ya Chuo Kikuu cha New York, na hakuacha mpaka mwaka wa kifo chake, 1993. Shule hiyo ilikuwa karibu na Wall Street, na wanafunzi wake wengi walikuwa watu wenye ajira waliokuja baada ya saa za kazi. Katika jimbo jirani la New Jersey, Ellis Ott wa Chuo Kikuu cha Rutgers alijenga kituo cha takwimu na shahada ya uzamili iliyowavuta wahandisi na wakemia wa viwanda vilivyozunguka chuo. Ott aliwasisitizia jambo moja mpaka likawa msemo wao: kabla hujapiga hesabu yoyote, zichore data zako uzione. Wanafunzi walikuja na data za kazini kwao, na wengi wao wakawa wakuu wa ubora katika kampuni kubwa.

Mabadiliko makubwa yalikuja baada ya tarehe 24 Juni 1980. Usiku huo televisheni ya NBC ilionyesha makala iliyouliza kwa nini Japani inaweza na Marekani haiwezi, na sehemu yake ya mwisho ilimhusu mzee mmoja wa Washington ambaye watazamaji wengi hawakuwahi kumsikia. Deming alikuwa na umri wa miaka 79. Kampuni zilizokuwa zikipoteza soko kwa Wajapani, Ford ikiwemo, zilianza kumwita. Kwa miaka iliyobaki aliendesha semina za siku 4, moja baada ya nyingine, mbele ya mamia ya mameneja kwa wakati mmoja.

Zoezi lililokumbukwa zaidi katika semina hizo lilihitaji sanduku la shanga. Ndani yake zilichanganywa shanga 3,200 nyeupe na 800 nyekundu. Deming aliwaita jukwaani watu sita wawe wafanyakazi, wengine wakawa wakaguzi, naye akawa msimamizi. Mfanyakazi alipewa kibao chenye matundu 50, akitumbukize sandukuni na kukitoa kimejaa. Mteja anataka nyeupe tu. Nyekundu ni kasoro. Mmoja alitoka na nyekundu 6, mwingine 9, mwingine 14. Msimamizi akampongeza wa 6 hadharani, akamkemea wa 14. Duru ya pili, yule aliyepongezwa alitoka na 12. Msimamizi akahuzunika: sifa zimemlevya. Mwisho, waliofanya vibaya zaidi waliachishwa kazi, na waliobaki wakafanya vilevile.

Ukumbi ulicheka, kisha ukanyamaza pale chati ilipochorwa. Moja ya tano ya shanga ni nyekundu, kwa hiyo kibao cha matundu 50 kitatoa nyekundu 10 kwa wastani, na kwa hesabu za Shewhart popote kati ya 2 na 18 ni mchezo wa sanduku lenyewe. Hakuna bidii, bonasi wala karipio linaloweza kuigusa idadi hiyo. Anayeweza kuigusa ni yule anayenunua shanga. Mameneja waliokuwa wamekaa pale walikuwa wametoa mamia ya makaripio ya aina hiyo katika maisha yao ya kazi. Kijana wa chuo angeliona zoezi lile kuwa somo la takwimu; wao waliwaona watu waliowahi kuwafukuza.

Katika miaka hiyohiyo Uingereza nayo ilitafuta njia. Mwaka 1980 Kumar Bhattacharyya, mhandisi mzaliwa wa India, alianzisha kitengo cha uzalishaji viwandani katika Chuo Kikuu cha Warwick. Aliwashawishi waajiri wawatoe wahandisi wao kwa vipindi vifupi vya masomo, warudi kazini, waje tena, mpaka wakamilishe shahada ya uzamili kwa mradi uliotokana na kampuni zao. Muundo huo ulikuwa ndugu wa kozi ya JUSE ya 1949. Leo shahada za uzamili za usimamizi wa ubora kwa watu wenye ajira zinatolewa katika nchi nyingi, na nyingi zimeshika mpango huo: moduli fupi, muda wa kazi katikati, mradi wa mwisho unaotatua tatizo la mwajiri.

Mbeya, 2007

Afrika Mashariki ilikuwa na vyombo vya ubora mapema. Shirika la Viwango la Kenya liliundwa mwaka 1974, na la Tanzania mwaka 1975. Vyombo hivyo viliweka viwango na kupima bidhaa. Lakini elimu ya kubadilisha kazi kutoka ndani, ile ya vikundi vya Ishikawa, ilifika kwa njia ambayo wengi hawakuitarajia: kupitia hospitali, na kupitia Sri Lanka.

Mwaka 2000 hospitali ya wanawake ya Castle Street jijini Colombo, ikiongozwa na Dkt. Wimal Karandagoda, ilianza kutumia mbinu za viwanda vya Japani kwa fedha kidogo ilizokuwa nazo. Shirika la misaada la Japani, JICA, liliona kwamba hapa pana mwalimu ambaye hali yake inafanana zaidi na ya Afrika kuliko hali ya Toyota. Mwaka 2007 viongozi wa sekta ya afya kutoka nchi kadhaa za Afrika walipelekwa kujifunza, Tanzania ikiwemo, na Hospitali ya Rufaa ya Mbeya ikawa mahali pa kujaribia nchini.

Hatua tano za mwanzo za mbinu hizo zilipewa majina ambayo wahudumu wa afya Tanzania wanayajua kwa moyo: sasambua, seti, safisha, sanifisha, shikilia. Vifaa vibovu na makabrasha ya zamani yanaondolewa wodini. Kila kinachobaki kinapewa mahali pake na lebo, ili muuguzi wa zamu ya usiku asitafute mkasi dakika 10 huku mgonjwa anasubiri. Mahali panasafishwa kila siku kwa ratiba inayojulikana, utaratibu unaandikwa, na timu ya wodi, kuanzia mhudumu wa usafi hadi daktari, inakutana kuutunza na kuuboresha. Baada ya hatua hizo ndipo timu inachagua tatizo, inakusanya takwimu zake, inachora mifupa ya samaki, inajaribu suluhisho na kupima tena. Mbeya ikawa shule: timu za hospitali nyingine zilikwenda kuona, kisha zikarudi kufundisha makwao. Kuanzia 2013, kwa msaada wa JICA, mbinu hizo zikaingia pia katika viwanda vya Tanzania.

Waliojifunza Mbeya hawakuacha zamu zao kwenda chuoni. Wagonjwa wao walikuwa pale. Kwa maana hiyo walikuwa warithi halali wa watumishi wa Washington na wa wasikilizaji wa redio wa 1956.

Historia hii inafundisha nini

Wahenga walituambia samaki mkunje angali mbichi, na wazazi na walimu wetu wanaushika usemi huo. Elimu ya ubora ina ushahidi wa zaidi ya miaka 80 kwamba mtu mzima mwenye kazi, mwenye madaraka na mwenye makovu ya kazi anakunjika vizuri sana, mradi masharti fulani yatimizwe.

La kwanza, alete tatizo lake. Hawthorne, Tokyo, Rutgers na Mbeya kote, somo lilishika pale mwanafunzi alipofanyia kazi tarakimu za mahali pake. Shahada ya uzamili inayoishia katika tasnifu ya kunakili mifano ya Toyota, wakati mwanafunzi anasimamia maabara ya maji Dodoma au kiwanda cha chai Kericho, imetupa mali aliyoingia nayo darasani. La pili, apewe muda wa kujaribu kati ya somo na somo, na mwalimu amfuatilie. Masomo ya wikendi yanayobana vipindi vyote katika Jumamosi moja, bila kuuliza Jumatatu kilifanyika nini, yanatoa vyeti lakini hayabadilishi kazi. La tatu, na ndilo zito kuliko yote, mkubwa wake naye ajifunze. Marekani iliwafundisha maelfu ya wahandisi wakati wa vita na ikaipoteza elimu hiyo ndani ya miaka michache, kwa sababu hawakuwa na mtu wa juu aliyeisoma chati waliyorudi nayo. Japani iliwaketisha wakuu 21 kwa jioni moja, na miaka iliyofuata ikaiteremsha elimu hiyo ngazi kwa ngazi hadi kwa fundi.

Vyuo vyetu sasa vimejaa wanafunzi wa jioni. Wanatoka kazini wamechoka, wanalipa ada kwa mishahara yao, wanarudi nyumbani watoto wamelala. Wengi wanafanya hivyo kwa kupenda kazi yao na kutaka ifanyike vizuri zaidi. Mwajiri anayempa ruhusa mmoja wao aende kusoma usimamizi wa ubora ametoa nusu ya kinachohitajika. Nusu ya pili ni kukaa naye anaporudi, kuisoma chati yake, na kubadilisha kile ambacho yeye mwajiri peke yake ndiye mwenye uwezo wa kukibadilisha.